UZI: Mchi, ndala, mbuzi ya nazi, upupu na nyuki wakiingia ulingoni, nani anatoka mzima?

Fundi_Bati (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Jana kijiweni umeme ulikatika, simu zimezima, mpira hakuna, siasa tumeichoka. Likazuka swali ambalo limetugawa mpaka leo asubuhi kuna watu hawasalimiani. Ukiwaweka watu wawili kwenye ua, ukawanyima panga, kisu, bunduki na chochote kilichotengenezwa kwa ajili ya kuumiza, wakabaki na vitu vya jikoni na vya shambani tu, ni kitu gani kinashinda?

Masharti: uwanja ni ua wa nyumba ya kupanga, kamba ya kuanikia nguo inakatiza katikati, ndoo za wapangaji zipo pembeni na haziguswi. Mtu mmoja, silaha moja. Hakuna kufa. Anayetoka mbio nje ya geti ndiye aliyeshindwa.

Walioandikishwa mpaka sasa ni mchi wa kinu, mwiko wa ugali, ndala, mbuzi ya kukunia nazi, fagio la chelewa na mfuniko wa sufuria la shughuli. Wengine waleteni nyie, ila mje na hoja, siyo "mimi naona tu". Mimi nipo na mchi. Nawasilisha.

Kidagaa_Mkavu
Nimekaa paleee.

Kiroboto_Sugu
Mchi? Mkuu, umewahi kuushika au unauonaga kwa jirani? Ule mti unakufika kifuani na uzito wake wote umewekwa kwa kazi moja tu, kushuka. Ukiuinua unashuka wenyewe, raha. Sasa jaribu kuupeleka ubavuni. Ukikosa pigo la kwanza mchi unaendelea na safari yake na wewe unaufuata kama abiria. Halafu umesema uani kuna kamba ya nguo. Ukiinua mchi tu umeibeba kamba, shuka la mpangaji wa chumba cha tatu limekuvaa kichwani, huoni mbele. Mwenye mwiko anakuja taratibu, hana haraka.

Mimi ni mwiko. Mwepesi, una kiganja kipana, na ukitoka moja kwa moja kwenye sufuria unakuja na ugali wa moto umeng'ang'ania. Ugali wa moto ukishika ngozi haupukutiki. Waulize waliowahi kurukiwa na uji wa ulezi.

Fundi_Bati
Masharti yanasema silaha moja. Ugali ni silaha ya pili.

Kiroboto_Sugu
Ugali ni uchafu wa kwenye silaha. Hata panga likiwa na kutu hatuhesabu mbili.

Pwani_Tulivu
Assalaam aleikum wana jamvi. Naona mnaitaja mbuzi kwa juujuu. Ile ni kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma na meno mbele, ukiifunga unaibeba kama kitabu, ukiifungua meno yanatokeza. Ngao na silaha kwa pamoja, miguu minne. Nani atakusogelea?

Kiroboto_Sugu
Sheikh wangu, itakulazimu ukae juu yake ndio ifanye kazi. Utapigana umekaa? Adui akuletee na nazi?

Pwani_Tulivu
😂 Haya, naondoa mbuzi. Naleta fenesi.

Msicheke. Hakuna tunda la mtini linalolishinda kwa ukubwa, likishiba linafika kilo 30, na yapo yanayosogelea 50. Ngozi yake yote vijimwiba butu. Huku visiwani mtu mwenye akili hafungi mbuzi wake chini ya mfenesi uliokomaa. Na hata ukikwepa likapasukia karibu yako, kuna ulimbo. Ulimbo wa fenesi ukikushika vidole maji hayautoi, sabuni haiutoi, mpaka upate mafuta ya kupikia. Adui yako atapigana vipi na vidole vimegandana?

Bibi_Kizimkazi
Wewe utalirusha vipi fenesi la kilo 30? Utaanza kuumia kiuno kabla ya adui kuumia chochote.

Pwani_Tulivu
Silirushi. Napanda mtini namsubiri.

Fundi_Bati
Uani hakuna mti. Fenesi linabaki kwenye orodha ila mpiganaji wake anaanzia chini kama wenzake.

Jembe_la_Mpini_Mfupi
Ndugu zangu mnabishana na vyombo, nyie hamjasoma shule za bweni za mikoani. UPUPU. Naomba niandike kwa herufi kubwa kwa heshima yake.

Kwa ambao hamkubahatika: ni mti unaotambaa, maganda yake yamefunikwa manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri kuyaangalia. Kila unyoya ni sindano iliyobeba kimeng'enya kinachotafuna protini, na kikiingia kwenye ngozi unapata muwasho ambao hauna rafiki. Ukijikuna unausambaza. Ukivua shati unaupandisha usoni. Kuna wanaosema upake majivu, wengine matope, na wote hao wanasema hivyo huku wanajikuna. Nimeona kwa macho yangu bweni zima likihamia uwanjani saa nane usiku na mashuka mabegani, viranja ndio wako mbele.

Mchi unakupiga mara moja unapona. Upupu unapigana na wewe mpaka kesho.

Mjomba_wa_Chalinze
Hapo kwenye kusambaza ndipo penye shida. Wewe mrushaji unaushika na nini?

Jembe_la_Mpini_Mfupi
Na mfuko wa plastiki.

Mjomba_wa_Chalinze
Na upepo ukigeuka?

Jembe_la_Mpini_Mfupi
Naomba muda nitafakari.

Makavazi
Nimesoma uzi wote kimya kimya nikaona nichangie, maana mnabishana kana kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa. Limejaribiwa, na serikali zenye pesa.

Mwaka 1942 daktari wa meno wa Marekani, Lytle Adams, aliipelekea serikali yake wazo. Popo wafungwe vibomu vidogo vya moto, waachiwe kutoka kwenye ndege juu ya miji ya Japani, wajifiche kwenye mapaa, nyumba za mbao ziungue. Mnadhani alifukuzwa? Alipewa bajeti. Popo wakakamatwa kwa maelfu, wakapozwa kwa baridi ili walale wakati wa majaribio. Mei 1943, kwenye uwanja wa jeshi karibu na Carlsbad, New Mexico, wachache wakazinduka kabla ya wakati, mzigo wakiwa nao. Popo akizinduka anatafuta dari, na dari za karibu zilikuwa za jeshi lenyewe. Majengo ya uwanja yakateketea. Mradi ukafutwa mwaka 1944 ukiwa umeshakula kama dola milioni mbili.

Waingereza nao wakatengeneza kitu kinaitwa Panjandrum. Magurudumu mawili ya mbao, kila moja kimo cha mita tatu, katikati pipa la baruti, na roketi zimefungwa kuzunguka ukingo ili zilisukume. Lilitakiwa litoke baharini, lipande ufukwe, likavunje kuta za Wajerumani. Januari 1944 wakubwa wa jeshi wakaalikwa Westward Ho!, kule Devon, kuja kujionea. Roketi zikaanza kuchomoka, gurudumu likayumba, likageuka, likawafuata wageni waalikwa. Majenerali wakatimua mbio mchangani.

Wasovieti walifundisha mbwa kutafuta chakula chini ya vifaru, wakiwa wamevalishwa mabomu. Mazoezi yakafanyika kwa vifaru vya kwao, vya dizeli. Vya Wajerumani vilitumia petroli. Mbwa anafuata pua. Mnajua wengine walikimbilia vifaru vya nani.

Kwa hiyo msiulize silaha inapiga kwa nguvu gani. Ulizeni ikishatoka mkononi inarudi kwa nani. Mchi unamrudia mwenyewe, upupu unamrudia mwenyewe, fenesi linamganda mwenyewe.

Kidagaa_Mkavu
Kumbe uzi wa kijinga unaweza kuwa na elimu hivi. Endeleeni.

Fundi_Bati
Mkuu Makavazi, asante, ila mchi haujawahi kumrudia mtu.

Kiroboto_Sugu
Kamba ya nguo, ndugu. Kamba ya nguo.

Dada_wa_Raskazone
Makavazi umezunguka Marekani na Uingereza halafu ukairuka Tanga. Sisi tumelelewa na hadithi hii.

Novemba 1914, Jenerali Aitken alishusha jeshi la Uingereza pale kwetu, askari kama 8,000, wengi kutoka India. Upande wa pili Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,000, askari wa Kiafrika kwa wingi. Kwa hesabu ya darasani mechi ilikuwa imekwisha. Wakapita kwenye mashamba na vichaka, na kwenye miti kulikuwa na mizinga ya nyuki. Tarehe 4 risasi zilipoanza kuruka nyuki wakachokozwa. Kikosi kimoja cha Wahindi, cha 98, kilipata adabu isiyosahaulika. Watu walioagizwa kusonga mbele wakawa wanasonga kila upande. Aitken akapakia watu wake melini, akaacha bunduki kwa mamia na risasi kwa malaki ufukweni. Wengine upande wa Waingereza walishika kabisa kuwa Wajerumani wamewatega nyuki kwa makusudi. Vita ile mpaka leo kwa Kiingereza wanaiita ya nyuki.

Silaha inayofukuza maelfu ya watu mpaka baharini, mnaiwekea mwiko?

Makavazi
Dada, hadithi naijua na ni tamu, ila tusiwape nyuki ushindi wote. Aitken hakupeleleza vya kutosha, alichelewa kushambulia, na wapinzani walikuwa wamejiandaa na bunduki za rashasha. Na nyuki wa Tanga walichoma pande zote mbili. Wajerumani nao walivimba. Nyuki hana sare.

Dada_wa_Raskazone
Waliovimba wakabaki mjini ni nani, na waliovimba wakapanda meli ni nani?

Makavazi
Hapo sina la kusema.

Taita_Mwenyewe
Wasee, niko Kenya, huku kwetu nyuki wanapigana mchana na usiku na hatuwalipi. Mashamba ya Sagalla, karibu na Tsavo, ndovu walikuwa wanamaliza mahindi. Ukiweka ua wa miti anausukuma tu. Sasa wakulima wamezungusha uzio wa mizinga, mmoja kila baada ya mita kumi hivi, yote imeunganishwa na waya. Ndovu akigusa waya mizinga yote inayumba, nyuki wanatoka kuuliza ni nani. Ndovu wengi hawasubiri jibu. Ngozi yake ni nene, lakini nyuki wanamwendea machoni na ndani ya mkonga.

Kama wanamtoa mnyama wa tani tano shambani, mtu wenu wa mwiko ni wa dakika ngapi? Na mavuno ya asali ni juu.

Jembe_la_Mpini_Mfupi
Kwa hiyo silaha inayolipa. Naanza kuhama upupu.

Bibi_Kizimkazi
Nyuki mnawaogopa bure. Mimi naingia na jiko la mkaa, natia makumbi mabichi juu. Moshi ule! Nyuki akichoma anatoa harufu ya kuwaita wenzake, kama ya ndizi mbivu, ndio maana mmoja akikuchoma umekwisha, wanakuja wote. Moshi unaiziba ile harufu, hawasikilizani tena. Warina asali wanafanya hivyo tangu enzi. Nawatuliza nyuki wote, namfuata mwenyewe amesimama peke yake.

Kiroboto_Sugu
Bibi shikamoo. Na wewe utaonaje ndani ya huo moshi?

Bibi_Kizimkazi
Marahaba. Miaka hamsini napika kwenye kuni, mwanangu. Macho yangu yalishasamehe moshi zamani.

MSIMAMIZI
Uzi umehamishwa kutoka Jukwaa la Historia kwenda Vichekesho na Burudani. Aliyeandika kuhusu kumwagia mtu mafuta ya moto ujumbe wake umeondolewa. Endeleeni kwa amani.

Mjomba_wa_Chalinze
Na mimi nataka kumtetea Samsoni. Waamuzi 15, mfupa wa taya ya punda, watu elfu moja. Sura ya 3 kuna Shamgari, konzo la ng'ombe, mia sita. Hakuna upupu humo.

Kidagaa_Mkavu
Samsoni alikuwa na msaada kutoka juu, huyo haingii kwenye mashindano ya mtaa. Ni kama kuleta timu ya taifa kwenye ndondo.

Mama_Watatu
Nimewasoma tangu juzi nikasema leo niseme. Wanaume wengi humu mmeandika kurasa nzima kuhusu silaha na hakuna hata mmoja aliyeitaja ndala tena baada ya Fundi kuiandikisha. Nyote mmelelewa na ndala. Mnaiogopa mpaka leo ndio maana mnairuka.

Kiroboto_Sugu
Shikamoo mama. Hatuiruki, ila ndala haifiki hata robo kilo. Unazo mbili tu. Ukirusha zote umebaki peku uani.

Mama_Watatu
Marahaba. Sikiliza sasa.

Kwanza, haina haja ya kutafutwa. Mwenye mchi mpaka aende kibarazani, mwenye upupu mpaka aende porini na mfuko. Ndala nimeivaa. Naikunjua kwa mguu, naipokea kwa mkono, bado sijaacha kuongea na jirani.

Pili, haihitaji kukupata. Nikiinama tu, mkono haujafika hata kwenye kisigino, wewe umeshafika kwa bibi yako. Silaha gani nyingine inashinda kwa kuinama? Tena katambuga za tairi hizo ndizo hatuzigusi kabisa, zile zingekuwa uonevu.

Tatu, na hapa namjibu huyu kijana wa historia. Umesema tuulize silaha ikitoka mkononi inarudi kwa nani. Popo walirudi, gurudumu likarudi, mbwa wakarudi. Ndala nikiirusha nikakukosa, nasema hivi: "Nileteeeee ndala yangu." Na unaileta. Unaiokota mwenyewe, unatembea nayo polepole, unanikabidhi mkononi kwa mikono miwili, ukiwa umesimama pale pale ambapo sitakosa. Nitajieni jeshi moja duniani ambalo adui analirudishia risasi.

Kidagaa_Mkavu
...

Jembe_la_Mpini_Mfupi
Nimesimama nikapiga makofi ofisini. Watu wananiangalia.

Mjomba_wa_Chalinze
Na ukiambiwa "njoo, sikupigi".

Jembe_la_Mpini_Mfupi
Na tulikuwa tunaenda!!! Kila mara!

Makavazi
Mama Watatu, umenikamata kwa kanuni yangu mwenyewe, na naongeza ushahidi upande wako. Mfalme Pirro wa Epiro, yule ambaye ushindi wa hasara umeitwa kwa jina lake, alipigana na Roma, akaleta tembo Italia, hakuna aliyemweza kirahisi. Mwaka 272 kabla ya Kristo akaingia mji wa Argos, mapigano ya vichochoroni. Plutarko anaeleza kwamba alikuwa anamwendea kijana mmoja wa kawaida tu, mtoto wa mama maskini. Mama huyo alikuwa juu ya paa pamoja na wanawake wengine wanatazama. Akamwona mwanawe yuko hatarini. Akang'oa kigae kwa mikono miwili akakirusha. Kikampata mfalme shingoni, chini ya kofia ya chuma. Akaanguka kutoka kwenye farasi, askari wakammalizia pale.

Hakuwa na mafunzo. Hakuwa hata na ndala.

Dada_wa_Raskazone
Waamuzi 9 pia, Abimeleki, jiwe la kusagia kutoka juu ya mnara, mwanamke. Mjomba wa Chalinze hilo uliliruka kwa makusudi?

Mjomba_wa_Chalinze
Nilikuwa nafika.

Pwani_Tulivu
Kwa hiyo kumbe tatizo siyo silaha. Mpe mama fenesi uone.

Bibi_Kizimkazi
Fenesi tena!

Taita_Mwenyewe
Lakini jameni, ndala dhidi ya nyuki? Tuwe wakweli. Nyuki hawaogopi mtu akiinama.

Mama_Watatu
Nyuki wakija sipigani nao. Naingia ndani nafunga mlango. Mmesema anayeshindwa ni anayetoka nje ya geti. Ndani ya nyumba hamkusema. Nyuki watabaki uani na yule aliyewaleta, na kwa maelezo yenu wenyewe hawachagui. Atatoka nje ya geti kabla yangu.

Fundi_Bati
Nimerudi kusoma masharti yangu. Kweli sikusema.

Basi natoa hukumu kama mwanzisha uzi. Ndala ya kwanza. Nyuki wangekuwa wa kwanza ila wanafukuza mpaka mwenye mzinga, nawapa ya pili kwa heshima ya Tanga. Jiko la makumbi la tatu. Upupu unafungiwa, siyo kwa kushindwa, kwa usalama wa bweni. Fenesi tutalila. Mchi, nakiri kwa uchungu, umekwama kwenye kamba.

Kiroboto_Sugu
Nakata rufaa. Kuna jambo halijajadiliwa. Ndala ikirushwa ikatua juu ya bati je? Hapo adui hawezi kuileta. Mnyororo wa risasi umekatika.

Mama_Watatu
Ikitua juu ya bati, nani anapandishwa kuifuata?

Kiroboto_Sugu
Rufaa naiondoa. Lakini mwiko umepotea kwenye orodha, mbona hamjauweka hata nafasi ya nne? Hii ni dhuluma ya wazi.

Fundi_Bati
Mkuu, mwiko nilikuwa nao hapa mezani kama ushahidi, mwenye nyumba kauchukua, anasonga. Kesi yako itasikilizwa baada ya chakula.